Fulana Niliyompa Fundi Bomba

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: Limo kwenye jalada. Mtaani naitwa Mama Injinia na ndilo ninaloitikia.
Umri: Miaka 58.
Kazi: Fundi cherehani, nguo za kike na sare za shule.
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka duka la vifaa vya umeme, mlango wa kijani.
Elimu: Shule ya msingi, nimemaliza.
Siku: Ijumaa, tarehe 16. Nimeanza kuandika saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Nimeelezwa na afande mpelelezi kwamba maelezo haya yanapingana na yale niliyoyatoa jana, na kwamba kusema uongo mbele ya polisi ni kosa linaloweza kunifikisha mahakamani. Nimeelewa. Nimeomba niandike kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu jana niliandikiwa, nikasaini upesi ili watu watoke nyumbani kwangu. Afande amekubali, ila ameniomba nisitoke nje ya jambo. Nitajitahidi.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Anayehusika hapa ni wa kwanza, binti, ambaye ni mhandisi wa programu za kompyuta. Wengi hawajui kazi hiyo ni nini. Ukiwa umejilaza kitandani ukalipa bili ya maji kwa simu na pesa zikafika bila kupotea njiani, ujue kuna mtu alikaa akafikiri kwa niaba yako. Mmoja wa watu hao nimemzaa mimi. Afande amesoma sentensi hiyo akasema ni nje ya jambo. Naiacha, nimeshaiandika kwa kalamu.

Kwa kazi hiyo binti yangu amesafiri safari kumi na moja. Saba ni za makongamano, ambako wahandisi hukusanyika kwenye ukumbi mkubwa na mmoja mmoja hupanda jukwaani kueleza alichokitengeneza. Nne ni za kambi ya kazi, ambapo kampuni huwachukua wafanyakazi wake wote kutoka kila nchi, ikawaweka hoteli moja kwa wiki, wakapanga mambo ya mwaka mzima kwa kubandika vikaratasi vya rangi ukutani. Safari hizo zinahusika na kesi kwa sababu moja. Kila akirudi hurudi na fulana. Kongamano halimwachii mtu aondoke mikono mitupu. Kuna fulana, kuna begi, kuna chupa ya maji, kuna kitambulisho cha kuvaa shingoni. Vitambulisho vyote kumi na kimoja nimevitundika juu ya cherehani yangu, na mteja yeyote anayekuja kupimwa anavisoma kimoja kimoja atake asitake. Fulana nagawa. Shemeji yangu anapalilia bustani na fulana ya kongamano la usalama wa mitandao. Mwuza mkaa wetu ana ya akili bandia. Ukipita mtaani kwetu asubuhi utadhani kampuni imehamia hapo. Hivyo watu wote wanajua kwamba mtu akivaa fulana ya namna hiyo ameipata kwangu, na mimi nilipenda wajue hivyo.

Kambi ya safari hii ilifanyika hapahapa mjini kwetu. Wakubwa wa kampuni walipanda ndege wakaja alipo mwanangu. Ilianza Jumatatu tarehe 12 kwenye hoteli iliyo karibu na mzunguko wa barabara, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka kwangu.

Jumapili tarehe 11, saa kumi na moja jioni, binti yangu alikuja kuchukua nguo alizoniachia nipige pasi. Alikuwa na fulana mbili za bluu iliyokoza zenye nembo ya kampuni kifuani. Moja ilikuwa saizi yake. Ya pili ilikuwa ya mwanamume mpana, alipewa kwa makosa na alitaka kuirudisha. Nilimwomba aniachie niiweke na zile nyingine. Alisita. Akasema, "Mama, hii nakuachia, lakini usimpe mtu. Safari hii hakuna vitambulisho vya shingoni. Mlangoni wanaangalia hii fulana tu." Nikasema, "Mimi mtoto?" Akasema, "Wewe ndiye ninayekujua." Tukacheka. Nikaiweka juu kabisa ya kabati, peke yake.

Mnamo Jumatano tarehe 14, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Fundi Bomba alifika nyumbani kwangu kwa wito wangu. Fundi Bomba ni jirani, anakaa nyumba ya sita upande wa pili wa barabara. Ametengeneza mabomba yangu kwa miaka kumi na tisa na hajawahi kuondoka na hata pini. Bomba chini ya sinki la jikoni lilikuwa linadondosha maji tangu usiku. Alilala chali, akaingiza kichwa kabatini, akaanza kufungua. Aliniambia nifunge koki kuu ya nje. Nilifunga. Kumbe nilifunga ya tanki na si ya mtaa. Saa tatu na dakika hamsini bomba liliachia, likamlowesha kuanzia utosini hadi kiunoni. Alitoka chini ya sinki, akakaa sakafuni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Injinia, ulifunga ipi?"

Nilikimbia chumbani kumtafutia nguo kavu. Kwenye kabati kulikuwa na mashati ya marehemu mume wangu, ambayo yangemtosha. Lakini ilikuwa inakaribia saa nne, na saa nne binti yangu alikuwa anapanda jukwaani kuzungumza mbele ya kampuni nzima, na kampuni ilikuwa imetoa linki ili familia nazo zitazame kwa simu. Nilitaka mtu atakayekaa na mimi kutazama awe amevaa kama watu wa mle ndani. Huo ndio ukweli. Nilimpa ile fulana ya bluu. Nilikumbuka nilivyokatazwa. Niliwaza kwamba ni ya saa moja tu, shati lake likikauka nitaichukua.

Saa nne kamili tulikaa jikoni, mimi kwenye kiti, yeye juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu tumeiegemeza kwenye birika. Binti yangu alizungumza kwa dakika arobaini na tatu. Alieleza jinsi ya kuzuia mfumo usianguke pale watu wengi sana wanapoingia kwa wakati mmoja. Hakusoma popote. Alikuwa anatembea jukwaani kama yuko sebuleni. Fundi Bomba alitazama kwa makini, kisha akasema, "Huyu anaongelea presha. Maji mengi, bomba dogo, unaweka tanki katikati." Dakika mbili baadaye binti yangu akasema karibu maneno hayohayo kwa lugha yake. Fundi akasema, "Angekuwa fundi bomba mzuri sana huyu." Nilimwambia achunge mdomo wake, sikusomesha mtoto miaka yote hiyo aje kulala chini ya sinki. Akasema, "Mama, mimi nimemsifia."

Saa nne na dakika ishirini na mbili nilimpiga picha akiwa amekaa kwenye ndoo, amevaa fulana ya kampuni, anatazama simu, na kwenye simu anaonekana binti yangu jukwaani. Niliituma kwenye kikundi cha familia chenye watu thelathini na mmoja, nikaandika chini yake, "Wataalamu wakimfuatilia mwenzao." Nilipata majibu mengi.

Nimeambiwa na afande kwamba laptopu ya bosi wa kampuni, iliyokuwa inachajiwa kwenye chumba kidogo cha mikutano, iliibiwa kati ya saa nne na saa tano kasoro robo, wakati watu wote walikuwa ukumbini wanamsikiliza binti yangu. Muda wote huo, dakika kwa dakika, Fundi Bomba alikuwa jikoni kwangu juu ya ndoo. Hakutoka hata kwenda uani.

Alimaliza kazi saa tano na nusu. Shati lake lilikuwa bado bichi. Alikuwa ameitwa kwenye hoteli hiyohiyo kurekebisha bomba la bafu ghorofa ya pili. Nilimwambia aende tu na fulana, ataileta jioni. Nilimtazama akiondoka na begi lake la spana, fulana imemkaa vizuri, nikaona fahari.

Yaliyotokea hotelini sikuyaona kwa macho. Nayaandika kama alivyonieleza yeye kwa simu siku hiyohiyo saa kumi na mbili jioni, akicheka hadi anakohoa. Alisema kwa miaka sita amekuwa akiingia hoteli ile kwa mlango wa nyuma na kusubiri jina lake liandikwe kitabuni. Siku hiyo alikosea akapita mbele, na kabla hajajieleza mlinzi alimpigia saluti na kumfungulia mlango. Ndani alipewa juisi. Mama mmoja mgeni alimshika mkono, akamweka kwenye meza ya watu sita, akampa kikaratasi cha njano na kumwomba aandike ni kitu gani kinachomkwamisha katika kazi yake. Aliandika, "Watu kufunga koki kwa hasira." Walimwomba akibandike ukutani, akabandika, wakapiga makofi. Kisha akapanda ghorofa ya pili akatengeneza bafu, akaondoka. Nilimuuliza, "Sasa mbona hukuwaambia wewe ni nani?" Akasema, "Hakuna aliyeniuliza, mama. Na juisi ilikuwa nzuri." Fulana aliahidi kuirudisha kesho yake. Niliona ni jambo la kuchekesha na nililala nikiwa na furaha.

Alhamisi tarehe 15, saa saba mchana, binti yangu alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya kazini. Alisema kuna wizi, na kamera, ambayo saa yake imeharibika, imemwonyesha mwanamume asiyejulikana ndani ya fulana ya kampuni, na meneja amewaambia wote kwamba aliyetoa fulana nje hatasafiri tena kwa ajili ya kampuni. Akaniuliza, "Mama, ile fulana iko?" Nikamjibu, "Iko." Akasema, "Sawa. Nilijua iko."

Lazima nieleze kwamba mwezi ujao binti yangu ana safari ya kumi na mbili. Ni kongamano la watu zaidi ya elfu mbili na yeye ndiye atakayefungua siku ya kwanza. Viza imeshagongwa. Mtaa mzima unajua, maana nimewaambia. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikavitazama vile vitambulisho, na sikufikiria kitu kingine. Wifi yangu alikuwepo, alikuja kuchukua gauni. Aliniambia, "Sema iliibwa kwenye kamba. Nani atabisha?" Simlaumu wifi. Mdomo uliosema ulikuwa wangu. Saa nane nilifuta ile picha kwenye kikundi cha familia.

Saa tisa alasiri gari la polisi lilisimama mbele ya nyumba yangu. Walishuka afande mmoja na msimamizi wa walinzi wa hoteli. Fundi Bomba, ambaye walinzi walikuwa wamemtambua kwenye kamera, alikuwa kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, kiasi cha hatua nne kutoka pale niliposimama. Afande aliniuliza kama mtu yule nilimpa fulana ya bluu, kwa kuwa yeye amesema ameipata kwangu. Nilisema, "Fulana hiyo nilikuwa nimeianika, ikapotea kwenye kamba."

Fundi alisikia. Hakupandisha sauti. Alisema kutoka kwenye gari, "Mama, labda umesahau. Ni jana, bomba la sinki liliponimwagia maji."

Nilisema sina kumbukumbu hiyo. Afande aliandika, nikasaini. Gari likaondoka. Niliingia jikoni nikafungua bomba, nikanawa mikono. Halikudondosha hata tone.

Leo Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mke wa Fundi Bomba alibisha hodi. Yeye ni msusi, anajulikana. Nilifikiri amekuja kunitukana na nilikuwa nimejiandaa kujibu. Alikuwa na begi la spana la mumewe. Alisema, "Shikamoo mama. Nakuomba unishikie hili begi. Naenda kituoni na sijui nitarudi saa ngapi, na kitasa cha kwetu ni kibovu. Hizi ndizo kazi yake, zikipotea tumekwisha."

Nilimuuliza, "Hukuambiwa nilisema nini jana?"

Akasema, "Niliambiwa. Yeye anasema umechanganya siku. Anasema nisikuudhi, una mambo mengi na safari ya dada."

Nilipokea begi. Ni zito. Nililiweka chini ya cherehani na nikashindwa kukaa.

Saa moja kasoro dakika tano nilimpigia binti yangu nikamweleza yote, kuanzia koki niliyoikosea hadi kusaini. Kisha akasema, "Uliwaambia imeibwa?"

Nikasema, "Niliwaambia."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa ajili yako."

Akasema, "Kwa ajili yangu Fundi Bomba kalala kwenye sakafu ya saruji. Mtu aliyeniwekea bomba la bafu nikiwa kidato cha pili na akakataa nisiache kitabu kwenda kumnunulia soda, kwa sababu nilikuwa na mtihani." Nilikuwa nimeisahau habari hiyo. Yeye hakuisahau. Akasema, "Nenda sasa hivi. Usisubiri chai. Na usinitoe kwenye maelezo yako, sema nilikuachia fulana nikijua wewe ni mtu wa namna gani. Meneja nitamwambia mwenyewe kabla ya kikao cha kwanza."

Nikamwambia, "Na safari je?"

Akasema, "Mama. Nenda."

Nimetembea kutoka nyumbani hadi kituoni bila kupanda gari, na nimefika saa mbili kasoro dakika tano.

Nakabidhi simu yangu. Picha niliifuta kwenye kikundi tu, kwenye simu yenyewe imo, na saa imeandikwa juu yake. Afande ameitazama. Ameniuliza kama ninafahamu kwamba picha hiyo hiyo inayomtoa fundi ndiyo inayoonyesha kwamba jana nilidanganya. Ninafahamu. Sikusoma sana lakini hilo halihitaji shule. Watu wengine thelathini waliiona na wataulizwa. Wengi wao ni ndugu zangu, watapenda sana kuulizwa.

Laptopu ya bosi sijui iko wapi na sijui ameichukua nani. Mezani pa afande nimeoneshwa kile kikaratasi cha njano kwenye mfuko wa nailoni, kimewekewa namba ya ushahidi. Mwandiko ni wa Fundi Bomba. Alichokiandika ni kweli na ninaomba kisitumike dhidi yake.

Kuhusu binti yangu, ninaomba iandikwe kwamba alinikataza kwa maneno yanayoeleweka, na kwamba kosa ni langu, mtu mzima mwenye akili zangu. Nilipenda mtu aonekane anahusika na mafanikio ya mwanangu, kisha alipohusika kweli nikamkana mbele ya gari. Kama kampuni itamfungia safari, afungiwe. Kumi na moja si haba. Asiye na mtoto aliyesafiri hata safari moja yupo mtaani kwetu na anaishi vizuri. Lakini nitasema ukweli hadi mwisho, maana ndicho nilichokuja kufanya: nina hakika hawatamfungia. Mtu anayempigia meneja wake asubuhi na kujitaja mwenyewe hapatikani kirahisi, na kampuni yenye akili inamjua mfanyakazi wa namna hiyo. Na kama haina akili, atapata nyingine. Afande amesema hapo napo ni nje ya jambo.

Nimesoma niliyoyaandika, kurasa tano, hakuna neno lililoongezwa na mtu mwingine. Haya ndiyo maelezo yangu ya pili na ndiyo yanayosimama. Yale ya jana ninayakataa, ingawa saini yake ni yangu.

Saini ya shahidi: (imewekwa)
Saa tatu na dakika kumi na tano asubuhi.

Maoni ya mpelelezi: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, kwa hiari yake, baada ya kuonywa. Simu moja imepokelewa kama kielelezo. Picha imelinganishwa na muda wa hotuba uliothibitishwa na kampuni, imeoana. Kwa njia ya simu, binti wa shahidi amethibitisha sehemu inayomhusu. Amesema uongozi wake umeshaarifiwa na bado haujatoa uamuzi. Upelelezi wa laptopu unaendelea. Suala la maelezo ya uongo ya tarehe 15 limepelekwa kwa mkuu wa kituo.

Shahidi aliambiwa anaweza kwenda saa 3:20. Alibaki kwenye benchi la mapokezi karibu na mke wa mtuhumiwa, akisema hatoki peke yake. Mtuhumiwa aliachiwa saa 4:40. Alipopita mapokezi alimwamkia shahidi shikamoo. Shahidi alisimama lakini hakuitikia. Akamwamkia tena, akaitikia. Wakaondoka wote watatu.